Miche ya kaliandra: inamfaa mfugaji yupi, na ipi ya kukataa kitaluni

Muuza miche akikuona una ng'ombe wa maziwa, kaliandra, mti wa malisho unaokatwa majani, ndiyo ya kwanza kukuonyesha. Atakuambia ukipanda hii, duka la chakula cha mifugo utalisahau. Maneno hayo yana ukweli nusu, na nusu hiyo inatosha kununulia miche, mradi ujue unanunua nini, utaipanda wapi na utaikata vipi. Wengi wanaoilaumu kaliandra waliipanda miche 20 au 30 kando ya banda, wakaikata wiki moja, wakaona maziwa hayajaongezeka hata kikombe.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama bidhaa hii ina maana kwako. Kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, pamoja na vijiti laini, hukauka na kubaki kilo 1 hivi, na kilo hiyo moja kavu hufanya kazi inayokaribia ya kilo 1 ya chakula cha gunia cha ng'ombe wa maziwa. Protini ghafi ya majani hayo ni kati ya asilimia 20 na 25. Ng'ombe akipewa kilo 6 mbichi kwa siku, anakuwa amepata badala ya kilo 2 za chakula cha dukani. Kwa mwaka hizo ni kilo 730, yaani magunia 10 na kidogo ya kilo 70. Zidisha kwa bei ya gunia ya mtaani kwako, kisha linganisha na bei ya miche 500. Idadi hiyo ya 500 haikuokotwa hewani: mti mmoja uliotunzwa vizuri hutoa takriban kilo 1.5 ya majani makavu kwa mwaka, kwa hiyo kumlisha ng'ombe mmoja kilo 2 kavu kila siku kunahitaji miti inayokaribia 500. Ng'ombe wawili, miti 1,000. Ukiwa na miti 50, unayo ladha tu ya kuongeza kihorini.

Pia usiitegemee ifanye isichoweza. Kwa ng'ombe anayekula nepia na mabua, kila kilo 3 mbichi unazoongeza juu ya chakula chake cha kawaida huleta nyongeza ya lita 0.6 hadi 0.75 za maziwa kwa siku. Hiyo ni nyongeza ya protini. Ng'ombe anayetoa lita 20 anahitaji nguvu pia, na nguvu hiyo hutoka kwenye pumba za mahindi, molasi au nafaka, si kwenye majani ya mti. Mwenye ng'ombe wa namna hiyo atapunguza magunia, lakini hataachana na duka. Mwenye ng'ombe wa lita 8 hadi 12, ambaye mara nyingi hana fedha ya gunia kabisa, ndiye anayenufaika zaidi.

Asili ya mti huu, Calliandra calothyrsus kwa jina la kitaalamu, ni Mexico na Amerika ya Kati. Mwaka 1936 ulipelekwa Java kutoka Guatemala ili utie kivuli mashamba ya kahawa, na huko ukageuka mti wa kuni. Hapa kwetu umaarufu wake kama malisho ulianzia Embu, kwenye majaribio ya mashambani ya miaka ya 1990 yaliyofanywa na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, pamoja na taasisi za utafiti za kilimo na misitu za Kenya. Hesabu zilizotajwa juu zinatokana na kazi ya huko. Mashamba ya Embu ni madogo, yana kahawa, mahindi na ng'ombe mmoja au wawili wa kufungia bandani, na mvua ni ya kutosha. Shamba lako likifanana na hilo, soma kwa matumaini. Likiwa la Dodoma au Kitui, ruka hadi sehemu ya mwisho.

Kukagua mzigo kabla ya kulipa

Hitilafu ya kwanza ni kuuziwa mti mwingine. Kuna kaliandra ya mapambo, kichaka cha bustani chenye maua mekundu ya duara, nacho huitwa kaliandra vilevile. Kwa malisho ya ng'ombe hakina faida ya maana. Kuitofautisha ni rahisi ukitazama jani. Jani la kaliandra ya malisho lina vitawi vingi, jozi 15 hadi 20 kwenye mti uliokomaa, na kila kitawi kimejaa vijani vidogo sana kama unyoya. Ile ya mapambo ina jozi moja tu ya vitawi, na vijani vyake ni vikubwa na vya kuhesabika. Kwa mche mchanga vitawi ni vichache, lakini udogo wa vijani hauwezi kukupotosha.

Mchanganyiko wa pili ni wa lukina, ambayo si tapeli, ni mti mwingine wenye masharti yake. Tazama kikonyo cha jani, chini ya jozi ya kwanza ya vitawi. Lukina ina kidutu kidogo kama chunusi mahali hapo. Kaliandra haina.

Mche mzuri una urefu wa sentimita 30 hadi 50, umri wa miezi 3 hadi 4, shina lililoanza kuwa gumu na la rangi ya kahawia chini. Mwombe muuzaji uchane kiriba kimoja, yaani kifuko cha plastiki cha mche. Anayekataa kuchaniwa kiriba kimoja kati ya 500 ana sababu yake. Ndani angalia mambo mawili. Kwanza, mzizi mkuu: ukiwa umejikunja na kuzunguka chini ya kiriba kama kamba ya ndoo, mche umekaa kitaluni kupita muda na hautanyooka tena, mti wake utasimama mwaka wa kwanza na kuanguka au kudumaa wa pili. Pili, vinundu kwenye mizizi midogo. Kikate kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha pinki ndani, bakteria wake wanafanya kazi ya kuvuna nitrojeni hewani. Kikiwa cheupe au kijivu, au hakuna vinundu kabisa, mche hautakufa, ila utaanza maisha kwa njaa. Dawa yake ni kuchota udongo chini ya ua wa zamani wa kaliandra na kutia kiganja kimoja kwenye kila shimo.

Miche ya viriba si lazima. Miche ya mizizi mitupu, inayooteshwa kwenye tuta na kung'olewa bila udongo, huuzwa kwa bei ndogo na gunia moja hubeba mamia. Inastawi vizuri kama imepandwa siku ileile iliyong'olewa, imefungwa kwenye gunia bichi na mizizi imechovywa kwenye tope. Ikilala usiku mmoja kwenye buti la gari, nusu yake imekwenda. Kwa anayeishi mwendo wa saa moja kutoka kitaluni, hii ndiyo ya kununua. Anayesafirisha mbali alipie viriba.

Mbegu: ya bei nafuu kwa mwenye subira

Kilo moja ya mbegu ina punje zinazokaribia 20,000. Kwa miche 500, ukipanda punje 2 kila kiriba na kuweka akiba, unahitaji punje 1,200, yaani gramu 60 tu. Kwa hiyo usikubali kuuziwa kipimo cha nusu kilo isipokuwa mmejiunga kikundi. Kenya, mbegu za miti za kuaminika hupatikana KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga. Mbegu nzuri ni bapa, ya mviringo mrefu, kahawia iliyokolea yenye madoadoa, urefu wa milimita 5 hadi 7.

Kabla ya kununua nyingi, jaribu punje 50. Ziloweke kwenye maji baridi kwa saa 48, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, subiri siku 10. Zikiota 30 au zaidi, mbegu inafaa. Kuloweka huko kwa saa 48 ni kwa lazima hata wakati wa kupanda, kwa sababu ganda ni gumu. Wapo wanaomwagia maji yanayochemka kabisa, kama wanavyofanya kwa mbegu za migunga, halafu wanalalamika mbegu ni mbovu. Wamezipika.

Udongo wa kiriba: sehemu 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza, 1 ya mchanga. Panda kina cha sentimita 1, si zaidi. Mwagilia asubuhi na jioni mpaka zichipue, kisha mara moja kwa siku, na ng'oa mche dhaifu pale ilipoota miwili. Wiki 4 za mwisho, punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Miche iliyotolewa kivulini moja kwa moja hadi shambani hubabuka majani ndani ya siku 3. Viwavi aina ya sota nao hukata shina usawa wa ardhi usiku. Ukikuta mche umelala chini umekatwa safi, fukua udongo wa pembeni yake utamkuta amejikunja.

Kwa nini mbegu ni adimu hivi, ilhali mti unachanua karibu mwaka mzima? Ua lake hufunguka jioni na kudumu usiku mmoja tu, na wachavushaji wake wa asili huko kwao ni popo na nondo wakubwa. Maua mengi huanguka bila kushika tunda. Maganda yanayoshika nayo hupasuka kwa nguvu yakikauka na kurusha mbegu mbali. Anayetaka kuvuna zake atenge miti michache isiyokatwa, achume maganda yakiwa kahawia kabla hayajapasuka, na ayaanike chini ya wavu au chandarua kikuukuu.

Mahali pa kuipanda

Hapa ndipo kaliandra inashinda mazao mengi ya malisho: haidai shamba lake. Inataka mipaka. Ekari 1 yenye pande sawa ina mzunguko wa mita 254 hivi, na miti 500 iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 50 inahitaji mita 250. Yaani ua wa ekari moja ni ng'ombe mmoja. Ongeza kingo za matuta ya fanya juu, njia ya kwenda zizini, na chini ya migrivilea ya mpakani, ambako mahindi hayafanyi vizuri hata hivyo. Mgrivilea unakua juu kwa ajili ya mbao na kaliandra inabaki chini ya kiuno, ili mradi matawi ya mgrivilea yapogolewe kila mwaka.

Kosa linalorudiwa ni kuiingiza katikati ya shamba la mahindi kwa mistari ya karibu karibu. Kilimo hicho cha vichochoro kilipigiwa debe sana miaka ya 1980, na kwa wakulima wengi wa mashamba madogo hakikulipa: mistari ilichukua ardhi, mizizi ikagombea maji, na kazi ya kukata ikaangukia wiki zilezile za palizi. Ukiwa na mstari mpakani, kata kaliandra wiki ambayo unapanda mahindi, na acha mita 1 kati ya mti na mstari wa kwanza wa mahindi. Mahindi ya mstari huo yakiwa njano na mengine kijani, kivuli au mizizi imezidi. Kata mara moja, na kila mwaka pitisha jembe kwa kina cha sentimita 30 upande wa shamba kukata mizizi ya juu.

Nepia ni jirani mwenye fujo zaidi. Ikipandwa pamoja na kaliandra siku moja, nepia huifunika na kuinyonga kabla haijafika magotini. Panda kaliandra msimu mmoja mbele, au acha nafasi ya mita 1. Mashimo ni sentimita 30 kwa 30, samadi viganja viwili, na ondoa kiriba chote. Hadi leo kuna wanaopanda na plastiki yake. Palilia kwa duara mara mbili au tatu miezi 6 ya mwanzo, kwani kaliandra changa haistahimili magugu. Na mbuzi wasifike. Mti mkubwa ulioguguniwa huchipua. Mche wa miezi 4 ulioguguniwa mara mbili umekwisha.

Kukata na kulisha

Subiri miezi 9 hadi 12, mti ufike mita 2 hivi, ndipo ukate kwa mara ya kwanza. Njaa ya kiangazi cha kwanza itakushawishi uanze mwezi wa 5 au wa 6. Ukikubali, mizizi haijashika, na visiki vitakufa kimoja kimoja mwaka unaofuata bila ugonjwa unaoonekana. Kimo cha kukata ni kati ya sentimita 60 na mita 1, yaani kuanzia juu ya goti hadi kiunoni. Wanaokata chini kama nyasi huua mti. Wanaokata juu ya kichwa humnyima mvunaji majani na kuwapa mahindi kivuli. Tumia panga kali na kata kwa mshazari ili maji yasituame, maana kisiki kilichopasuka ni mlango wa kuvu. Mvua ikiwapo rudia kila wiki 8. Kiangazi ngoja hadi wiki 12. Mavuno 4 au 5 kwa mwaka yanatosha. Gawa ua wako vipande vinane wakati wa mvua, kumi na viwili kiangazi, kila wiki kata kimoja, na hutakosa majani.

Majani yaliwe mabichi, siku ileile. Hili wengi hulipinga kwa kuwa wamezoea kunyausha miti mingine ya malisho kama lukina au glirisidia, lakini kaliandra ina tanini nyingi, ile kemikali ya mimea inayoshika protini, na ikinyauka au kukaushwa tanini hizo hushikamana na protini hata ng'ombe akaila bila kuimeng'enya vizuri, na mara nyingi akaiacha. Anza na kilo 1 kwa siku, panda hadi 6 ndani ya wiki mbili, gawa asubuhi na jioni wakati wa kukamua. Changanya na nepia iliyokatwakatwa. Isizidi theluthi ya chakula chote. Ikizidi, utaona kinyesi kikauke na hamu ya kula ipungue. Pima kwa mizani ya kuning'inia angalau wiki ya kwanza. Kilo 6 ni mzigo mkubwa kuliko macho yanavyodhani, na wengi wanaosema "nampa kilo 6" wanampa 3.

Tanini hizo zina upande mzuri ambao hausemwi kitaluni. Huhamisha sehemu ya nitrojeni kutoka kwenye mkojo, ambako ingepotea hewani, hadi kwenye kinyesi. Samadi ya ng'ombe anayekula kaliandra ikifunikwa vizuri hubaki na nitrojeni yake. Lakini usiyatumie majani yenyewe kama mbolea ya moja kwa moja. Ukiyazika shambani huoza polepole mno kwa sababu hiyohiyo ya tanini. Kwa kazi hiyo alizeti pori, glirisidia au sesbania zinaipita mbali. Kaliandra ipite tumboni mwa ng'ombe kwanza. Vijiti vinavyobaki kihorini havipotei: vinene ni kuni zinazowaka vizuri, na fito nyembamba hushikilia maharagwe ya kupanda.

Inaposhindwa, nunua nini

Kaliandra inataka mvua ya milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, na haifurahii mwinuko unaovuka mita 2,000 wala mahali pa baridi kali ya barafu. Maji yakituama, mizizi huoza. Kwa udongo wenye tindikali ni mvumilivu kuliko lukina, na ndiyo sababu inafanya vizuri kwenye nyanda za chai na kahawa.

Lukina ina chakula bora zaidi kwa kilo, na ng'ombe huipenda, lakini hudumaa kwenye udongo wa tindikali. Pia mwaka 1992 mdudu wake, psilidi, aliingia Afrika Mashariki na kufyeka machipukizi. Usinunue aina ya zamani, uliza lukina trikandra inayomstahimili. Ina sumu iitwayo mimosini: theluthi ya chakula ndio mwisho, na punda asipewe. Glirisidia ni ya pwani na sehemu za joto, huota kwa kipande cha tawi cha mita 1.5, lakini ng'ombe wengi huikataa kwa harufu mpaka ianikwe nusu siku. Sesbania hukua upesi kuliko zote na kufa upesi kuliko zote, miaka 3 hadi 5 tu, nayo haivumilii kukatwa chini. Kwa mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, tafuta tagasaste, mti mwingine wa malisho.

Mforosadi ndio mshindani ambaye wauza miche hawautaji, kwa kuwa hauhitaji kununuliwa. Unaota kwa vipande vya tawi vya sentimita 25 ulivyopewa na jirani, majani yake hayana tanini za kusumbua na humeng'enywa vizuri kuliko ya kaliandra. Hauvuni nitrojeni hewani, kwa hiyo bila samadi ya kila msimu hupungua. Mwenye zizi karibu apande mforosadi pembeni ya zizi, pale mkojo unapotiririka, na kaliandra kwenye mipaka ya mbali ambako samadi haifiki. Mgao wa miche 350 ya kaliandra na vipande 150 vya mforosadi kwa ng'ombe mmoja unapunguza bei ya kuanzia kwa karibu theluthi, na vile vya mforosadi vinaweza kupandwa mvua hizihizi, wakati miche ya kaliandra bado iko kwenye viriba.